Karatasi ya Kumi na Mbili

Benchi hili ni langu. Nalisema mapema kwa sababu wanaolikalia walishasahau zamani. Nililiweka pale kwenye kona, ukutani, ili mteja akinywa kahawa apumzishe mgongo dakika tano aende zake. Nikajipatia watu watatu ambao migongo yao haitosheki kupumzika. Yupo Gia, dereva wa malori mstaafu, ambaye kila jambo la dunia hii kwake ni injini. Yupo Baridi, fundi wa friji na viyoyozi, ambaye kila siku anasubiri simu ya mteja, na simu yenyewe haina haraka. Na yupo Ushahidi, aliyekuwa karani wa mahakama miaka thelathini na moja, ambaye hata ukimwambia mvua inanyesha atataka umletee aliyelowa. Mimi wananiita Mama Birika. Sikuulizwa kama nalitaka hilo jina.

Ng'ambo ya barabara ndiyo maabara ya vipimo. Watu wanatolewa damu asubuhi, wanasubiri majibu chini ya ngazi, wakichoka wanavuka kuja kwangu. Zamani walikuwa wanasubiri kikombe kimoja. Kwa wiki tano sasa wanasubiri vikombe vitatu, na wengine wanaambiwa warudi kesho. Biashara yangu imenoga, sikatai. Lakini kuna mama alikaa hapa tangu saa mbili akisubiri majibu ya mwanawe, kahawa ikampoa mkononi bila kuionja, na siku hiyo sikuifurahia hata kidogo hiyo biashara.

Majibu yanachelewa kwa sababu mtambo wao wa kompyuta umekuwa mzito. Mwenye mtambo huo, yaani anayeutunza, ni mtu wangu wa nne, tunamwita Mtaalamu. Huja saa nne kasorobo, hunywa vikombe viwili, huondoka. Ni mtu wa karatasi. Akigusa kitu chochote kule kwenye chumba cha mitambo anaandika karatasi, anatia tarehe na saini, anaibandika ubavuni mwa kabati la seva. Hata hapa kwangu aliwahi kubandika karatasi kwenye birika la kushoto kwamba mkono wake umelegea. Nilimwambia mkono wa birika langu naujua mimi.

Jumanne hiyo ninayoisimulia, kabla yake alipita mwenzake wa ofisini, Mama Pacha. Wako wawili tu kitengoni, Mtaalamu ndiye mkubwa. Huyu mama hajawahi kupita mbele yangu bila kunijulia hali, na ananiuliza hata habari za goti. Siku hiyo alikuwa amebeba mfuko mkubwa wa turubai, mtupu, unapepea. Nikamtania kama anahamia wapi.

— Leo saa tano kuna kikao, mama, aliniambia. Wananipa barua ya kuachishwa kazi. Nimebeba mfuko nisije nikarudi mara ya pili kuchukua vitu vyangu.

Akacheka kidogo, kicheko cha kunionea huruma mimi badala ya nafsi yake, akavuka barabara. Roho iliniuma, na ndivyo nilivyokuwa Mtaalamu alipofika, nimenuna, nasugua vikombe visivyo vichafu.

Mtaalamu alikaa mwisho wa benchi, akatoa karatasi mbili zilizokunjwa mfukoni mwa shati, akaziweka gotini. Hakuagiza. Nikammiminia tu.

— Ripoti, alisema. Mkubwa wa maabara anaitaka saa tano. Sababu ya mtambo kuwa mzito, na nani aliyesababisha.

— Na umeandika nani? Ushahidi aliuliza.

 Mtaalamu alituanzia mbali, na kwa kuwa jambo hilo nimelisikia mara tatu wiki ile naweza kulieleza mwenyewe. Maabara ilikuwa na kompyuta kuukuu tano, kila moja na kazi yake: moja ya majibu ya damu, moja ya kuandikisha wagonjwa, na nyingine hizo. Wiki tano zilizopita Mama Pacha akazihamishia zote ndani ya seva moja kubwa, mpya. Sasa zile tano hazipo tena kwa umbo. Zinaishi ndani ya hiyo moja, kila moja ikijiona ni kompyuta kamili, na kuna programu inayozigawia nafasi na nguvu, Mtaalamu anaiita msimamizi. Kuhamisha kuliisha Ijumaa. Jumatatu yake mtambo ukaanza kutambaa.

— Kabla ya kuhama, salama. Baada ya kuhama, taabu, Ushahidi alisema. Mimi kesi za namna hiyo nimeziandika mia.

— Ndiyo maana mkubwa anasema ni yeye.

— Na wewe unasemaje?

— Mimi nimekagua kazi yake mstari kwa mstari. Sijaona kosa. Lakini sina sababu nyingine ya kuandika.

Gia, aliyekuwa amefumba macho kama mtu anayesikiliza injini ya mbali, akafumbua jicho moja.

— Dashibodi inasemaje?

— Hapo ndipo kichwa kinaponipasuka, mzee. Nikiingia ndani ya kompyuta yoyote kati ya zile tano, nikaiuliza prosesa, yaani ubongo wake, inakwenda mwendo gani, inanijibu mwendo kamili. Ule ule ulioandikwa kwenye boksi. Halafu naipa hesabu moja ya kupimia. Ile kuukuu ilikuwa inaimaliza kwa sekunde kumi na mbili. Hii mpya inatumia thelathini na moja. Nimepima mara sita kwa saa yangu ya mkononi.

— Basi inasema uongo.

— Haisemi uongo. Haioni nje. Ni kama mpangaji aliye chumbani na mita ya umeme iko kwa mwenye nyumba. Anajua tu alichoambiwa siku ya kuingia.

Basi akatueleza alivyohangaika. Alijaribu kuongeza mwendo akiwa humo humo ndani, akaambiwa mamlaka hayo huna. Akapanda kwa msimamizi, ambaye ndiye anayepaswa kuwa na mpini wa kupandisha na kushusha mwendo wa prosesa, akafungua ukurasa wake wa umeme, ambako mwendo hupangwa. Pameandikwa: haipatikani kwenye mtambo huu. Akabadilisha nyaya. Akaongeza kumbukumbu. Akazipunguzia mzigo zile tano mpaka zikabaki mbili, na hizo mbili nazo zikatambaa.

— Nikachukulia kwamba seva ya aina hii haina habari ya kubadili mwendo, alisema.

Gia akakiweka kikombe chini.

— Hakuna injini isiyo na gia.

— Hii ni kompyuta, mzee wangu.

— Hakuna injini isiyo na gia. Mimi nakwambia gari lako limekwama namba mbili. Linavuma, linakwenda, lakini halipandi.

Mngekuwepo hapo na akili zenu, nyote mnaonisoma, mngemwuliza Gia swali la pili. Hakuna aliyemwuliza, kwa sababu Gia amewahi kutuambia pia kwamba ini la binadamu ni klachi. Mimi mwenyewe niligeuka kupuliza mkaa.

Na Gia naye akaiharibu mwenyewe. Akaendelea kwamba dawa ya gari lililokwama namba mbili ni kulitafutia mteremko, kwa hiyo seva ishushwe kutoka ghorofani iwekwe chini, ipate kasi wakati wa kushuka. Mtaalamu alimtazama kwa upole tu. Ana adabu yule mtu, hajawahi kumkatiza aliyemzidi umri.

Baridi akaona zamu yake imefika. Yeye alikuwa na uchungu wake tangu zamani kuhusu chumba kile, maana kiyoyozi chake alikitengeneza kwa mkono wake, na hajasifiwa vya kutosha.

— Tatizo ni kazi yangu nzuri, alisema. Nilikitengeneza mno. Chumba kile sasa kina baridi ya kuhifadhia nyama. Wewe ukilala pa baridi unaamka na moto gani? Prosesa imejikunyata.

— Prosesa inapenda baridi, Mtaalamu alimwambia.

— Inapenda kiasi. Mimi friji nimezisoma. Kuna baridi ya kukaza na kuna baridi ya kulemaza. Hiyo yenu imelemaa. Ipashwe.

Akapendekeza taa mbili za vifaranga, zile za kuwatia joto. Akaanza hata kuhesabu kwa vidole wapi atazifunga. Ushahidi akamwuliza kama ana mtu aliyeiona prosesa ikitetemeka. Baridi akasema prosesa haitetemeki, inanyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo ushahidi. Walichukua muda hapo. Nikaongeza maji.

Ushahidi hana nadharia za mashine, ana za watu. Kwake yeye zile kompyuta tano zimetoka vitengo vitano visivyopatana, na zimeingia nyumba moja na magomvi yake. Ya wagonjwa inaizibia ya damu njia, ya damu inailipiza. Mtaalamu alipomwambia kompyuta hazina kinyongo, akahamia kwa binadamu. Wale wanaosubiri chini ya ngazi, kila mmoja ana simu, kila simu inanyonya kidogo, na ukijumlisha watu arobaini wanaonyonya kidogo kidogo tangu alfajiri, seva inabaki na nini? Alitaka wakaguliwe mlangoni, simu ziwekwe kwenye ndoo.

— Na Jumapili? Mtaalamu aliuliza. Jumapili hakuna foleni, na bado inatambaa.

— Jumapili inapumzika kama sisi, Ushahidi alijibu, bila hata kumeza mate.

Tulicheka. Mtaalamu hakucheka. Alikuwa anazikunja na kuzikunjua zile karatasi mbili, na mkunjo ulikuwa umeanza kukatika. Nikamwuliza mimi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anamwuliza, kwamba ripoti yenyewe inasema nini. Akaifungua akanisomea mstari mmoja. Kwamba uzito wa mtambo umetokana na uhamishaji uliofanywa bila umakini, na aliyeufanya ni fulani. Fulani ni Mama Pacha kwa jina lake kamili. Chini kulikuwa na mstari mtupu wa saini yake yeye.

— Sijasaini, alisema.

— Saa ngapi sasa? Ushahidi aliuliza.

— Saa nne na dakika ishirini.

Na hapa lazima niseme yote, maana mwishoni yananihusu. Ushahidi alimwambia asaini. Alilisema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayekutakia mema. Kwamba ukikosa sababu ya kuandika, kosa linabaki kwa mkubwa wa kitengo, na mkubwa wa kitengo ni yeye. Kwamba yeye ana mtoto mchanga nyumbani. Kwamba Mama Pacha ana mume anayefanya kazi, hatalala njaa.

Baridi akasema ni kweli, na mwanamke mwenye elimu ile hakosi mahali. Gia akakuna kidevu akasema kwenye lori, breki zikikukatikia, unachagua mtaro ulio laini. Mtaalamu akasema yeye haoni kosa lolote la mwenzake. Ushahidi akamwambia kutoliona si ushahidi kwamba halipo.

Na mimi nilinyamaza. Nilikuwa nimeuona ule mfuko asubuhi ukipepea. Nilikuwa na maneno mdomoni kabisa. Nikasema moyoni, Mama Birika, wewe unauza kahawa, mambo ya ofisi za watu yanakuhusu nini. Nikajishughulisha na jiko.

Mtaalamu alitoa kalamu. Akaitazama ncha yake. Akatuambia, kama anayejitetea kwa mtu asiyekuwepo, kwamba amefanya kila alichojua. Hata karatasi zake zote za ubavuni mwa kabati alizisoma upya jana, moja baada ya nyingine, kuona kama kuna kitu aliwahi kukigusa akakisahau.

— Zote kumi na moja, alisema.

— Kumi na mbili, ilisema sauti nyuma yangu.

Nikageuka. Alikuwa mama wa usafi wa pale maabara, mwembamba, kilemba cha bluu, vitambaa vya kufutia vumbi begani, chupa kubwa ya chai mkononi. Namwona kila siku akimwaga maji ya kudekia kule nje, lakini kwenye benchi langu alikuwa hajawahi kufika. Alitusalimia wote, shikamooni, tukaitikia. Alisema ametumwa kahawa ya kikao, chupa nzima ijae. Nikachukua chupa nikaanza kumimina.

— Umesema kumi na mbili, Mtaalamu alimwambia.

— Ndiyo, baba. Kumi na moja zinaonekana. Moja iko chini ya kalenda. Kalenda ile ya wauza dawa, waliitundika mwaka ulipoanza, ikaifunika. Mimi huinyanyua nikifuta vumbi. Hata nilitaka kukuuliza niibandue, maana gundi yake imeanza kutoa rangi ya kabati.

— Imeandikwa nini?

Yule mama aliinamisha kichwa kidogo akaisoma kwa kumbukumbu, polepole, kwa kuwa alikuwa ameifuta vumbi miezi mingi.

— Mwendo umeshushwa chini kabisa kwa sababu ya joto. Kiyoyozi kikipona, rudisha. Halafu tarehe, na saini yako.

Nilikuwa namimina. Nikaacha kumimina.

— Sasa mimi sijui mambo yenu, yule mama aliendelea, kwa heshima kabisa. Lakini kiyoyozi si kilipona? Huyu baba hapa ndiye aliyekitengeneza, mimi ndiye niliyemshikia ngazi. Aliyeurudisha huo mwendo ni nani?

 Baridi, ambaye kwa miezi yote hii ametusimulia kiyoyozi kile mpaka tukakiota, aliangalia viatu vyake. 

Na mimi ikanirudia yote, kama jana. Ilikuwa ule msimu wa joto, kiyoyozi kimekufa, chumba cha mitambo kinachoma. Seva ilikuwa ndiyo imenunuliwa tu, bado haijapewa kazi ya maana, inaandika tu mahudhurio ya wafanyakazi. Mama Pacha alikuwa hajahamishiwa hapa, yuko tawi la pili. Mkewe Mtaalamu alikuwa amelazwa anasubiri kujifungua, na yeye anakimbia huku na huku, jasho mpaka kwenye soksi. Akakaa hapa hapa. Akatuambia zile kuukuu haziwezi kupunguzwa, na ndizo zenye kazi, lakini hiyo mpya inazidisha joto bure. Na ni Gia, mimi nilimsikia kwa masikio yangu, ni Gia aliyemwambia: teremsha gia, mwanangu, iache itambae mpaka hewa irudi. Tulimpongeza Gia kwa wazo hilo. Nilimpa kikombe cha bure.

Akaenda akateremsha. Kiyoyozi kilikuja kupona wiki tatu baadaye, siku mbili baada ya mtoto kuzaliwa, na wakati huo nani alikuwa anawaza seva? Ilikuwa haina kazi, kwa hiyo hakuna aliyehisi. Ikatambaa miezi sita peke yake bila mtu kujua, mpaka Mama Pacha alipoibebesha zile tano.

— Kule chini kabisa, Mtaalamu alisema, na hakuwa anamwambia mtu fulani. Kwenye mipangilio ya mashine yenyewe, ile unayoifungua kabla haijawaka. Niliufunga mwendo kule. Ndiyo maana msimamizi anasema haipatikani. Mimi ndiye niliyemnyang'anya mpini.

— Namba mbili, Gia alisema taratibu. Hakulisema kwa kujisifu. Nadhani naye alikuwa amekumbuka.

Mtaalamu aliweka ripoti kwenye ubao wa benchi, katikati ya vikombe. Ile kalamu bado ilikuwa mkononi. Akalikata jina la Mama Pacha kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika la kwake juu yake. Akakata maneno ya uhamishaji, akaandika mengine pembeni, kwa mwandiko wake ule wa karatasi za kabatini. Halafu akasaini. Nilimtazama Ushahidi, nikitegemea aseme kwamba jambo halijathibitishwa, kwamba mashine haijafunguliwa, kwamba maneno ya mfagiaji si hati. Ushahidi alimsogezea kikombe kando ili asikimwage, basi.

— Fikiri kwanza, Baridi alimwambia. Si lazima uandike ni wewe. Andika tu mpangilio ulikuwa chini. Rudisha, iende, yaishe.

— Na nikiulizwa nani aliushusha?

Baridi akarudi kwenye simu yake.

Nilimalizia kujaza chupa ya mama wa usafi. Ilimeza birika zima na nusu iliyokuwa imebaki kwenye lile lingine. Mtaalamu akaichukua chupa kutoka mkononi mwake amsaidie kuibeba, wakavuka barabara pamoja, yeye na chupa, yule mama na vitambaa vyake. Kahawa yake aliiacha imejaa.

Tulikaa. Kwa mara ya kwanza tangu niwafahamu, watu watatu walikaa kwenye benchi langu bila nadharia. Saa tano ilipita. Saa sita kasorobo tukasikia kelele kule chini ya ngazi, watu wanalalamika kwamba sasa mtambo umezimwa kabisa, hata kuandikishwa hakuna. Mwanamume mmoja alivuka akaja kutuambia kwamba nchi hii imekwisha. Dakika kumi hivi baadaye akaitwa jina lake, akakimbia. Halafu likaitwa la pili, na la tatu, na yule anayeita majina mlangoni akawa hana muda wa kuvuta pumzi. Kufumba na kufumbua foleni ikawa watu sita, na hao sita wamekaa, hawakusimama.

— Imepanda, Gia alisema.

Saa saba hivi Mama Pacha alishuka ngazi. Ule mfuko wa turubai alikuwa ameukunja mara nne, ameubana kwapani, mwembamba kama gazeti.  Hakupita kama kawaida yake. Alivuka moja kwa moja, akatusalimia, akakaa mwisho wa benchi, mahali pa Mtaalamu.

— Sekunde tisa, alisema. Ile hesabu ya kupimia. Sekunde tisa.

Gia akamwuliza mwenzake yuko wapi.

— Yuko juu, amebanwa na mkubwa. Ile barua ipo, wameibadilisha tu ikawa ya onyo, onyo la mwisho. Ameisaini yeye. Alisimama mbele ya watu wote kwenye kikao akasema kosa ni lake, hakujikosha hata kwa neno moja. Wangeweza kumfukuza pale pale, na anajua hivyo.

Aliuweka mfuko gotini, akaulainisha kwa kiganja. Macho yake yalikuwa na machozi, na hakujisumbua kuyafuta.

— Nimemwuliza nini kilimpa moyo ule, maana jana jioni alikuwa hawezi hata kunitazama.  Amesema tu alitoka hapa kwenu. Kwa hiyo nimekuja kushukuru, wazee wangu. Nani kati yenu alimshauri?

Baridi alishika simu yake isiyolia. Ushahidi alivua miwani akaanza kuifuta kwa ncha ya shati, upande mmoja, kisha ule mwingine, kisha ule wa kwanza tena. Gia alifumba macho yote mawili. Mama Pacha alitutazama mmoja mmoja, akitabasamu, akingoja, na alipofika kwangu mimi niliinuka haraka nikasema ngoja nikutilie kahawa, mwanangu.

Nikalinyanyua birika nikaliinamisha juu ya kikombe. Nilijua halina kitu. Kahawa yote ilikwenda kwenye kikao. Lakini niliendelea kuliinamisha vile vile, na yeye akaendelea kungoja.